Mjukuu wa Mshona Viatu na Tiara 43

Najua msomaji wa ukurasa huu, aliyezoea kusoma habari za mashairi, ngoma na nyumba za kale za mwambao wetu, atauliza: Meksiko na sisi ni wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa.

Kwanza, tumeonja chakula chao kabla hatujaonana nao. Mahindi tunayosongea ugali asili yake ni Meksiko. Katika pango moja la jimbo la Oaxaca, kusini mwa nchi hiyo, wachimbuzi walipata magunzi ya mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Pilipili tunayotia katika achari nayo ina nasaba huko huko. Pili, wao nao wana kitu chetu kinywani bila ya kujua. Mmeksiko akitamani jambo liwe husema "ojalá", na neno hilo limetokana na Kiarabu cha Waislamu walioikalia Andalusia kwa karne nyingi. Ndani yake limo jina la Mola, kama lilivyo katika inshallah yetu. Basi tusiseme kwamba watu hawa ni wageni kabisa kwetu.

Lakini sikukaa kitako kuandika juu ya mahindi. Nataka kusema juu ya mtu mmoja wa Oaxaca, Francisco Toledo, mchoraji, mfinyanzi na mchapaji wa picha, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki tarehe 5 Septemba, 2019, akiwa na umri wa miaka 79. Nina jambo ninalotaka kulidai kwenu kutokana na maisha yake, na jambo lenyewe linatuhusu sisi tunaojiita wenye utamaduni.

HADITHI ZA BABU

Toledo alikuwa wa kabila la Wazapoteki, wenyeji waliokuwa na miji na maandishi yao karne nyingi kabla ya Mhispania kutia nanga. Kwao ni Juchitán, mji ulioko pale nchi ya Meksiko inapokuwa nyembamba kama shingo, karibu na bahari ya Pasifiki, mahali pa upepo mkali, mabwawa ya maji ya chumvi na wavuvi. Babu yake alikuwa mshona viatu, na baba yake naye aliijua kazi ya ngozi. Babu huyo alikuwa akimchukua mtoto matembezini na kumsimulia hadithi za wanyama, kama walivyokuwa wakitusimulia nyanya zetu kibarazani baada ya Isha.

Na hadithi zenyewe, jamani, si ngeni! Moja ni ya sungura na koyote, mnyama wa jamii ya mbweha. Sungura anamdanganya koyote kwamba jabali linaanguka, hebu alizuie kwa mikono yake, kisha yeye anatoroka na kumwacha mwenziwe anatoka jasho bure. Sungura huyo huyo ananaswa kwa sanamu lililowekwa shambani kumtegea. Msomaji, hukumsikia sungura huyu utotoni mwako? Wapo wasomi wanaoamini kwamba hadithi ya sungura na sanamu la kunasa ilivukishwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani katika nchi za Amerika. Toledo aliichorea hadithi ya sungura na koyote picha nzima nzima, na binti yake, Natalia Toledo, ni mshairi anayetunga kwa Kizapoteki. Basi hadithi aliyoisikia mjukuu haikufia masikioni mwake.

Kijana huyu alipelekwa Oaxaca mjini kusoma, kisha mji mkuu wa Meksiko. Akiwa na miaka 19 tu picha zake zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa mji mkuu na pia Texas, Marekani. Mwaka 1960 alikwenda Paris. Huko alikutana na mwenyeji mwenziwe, mchoraji mkubwa Rufino Tamayo, aliyemshika mkono, na akajifunza ufundi wa kuchora juu ya bamba la madini na kulichapa karatasini. Wafaransa walimpenda. Angeweza kukaa huko mpaka mvi, akila vizuri na kuvaa vizuri, akirudi kwao mara moja kwa mwaka na sanduku la zawadi.

Hakufanya hivyo. Mwaka 1965 alirudi. Akarudi na kuchora kile alichokiacha: vyura, kaa, mamba, panzi, popo, nyani, kobe na samaki. Wanyama wa hadithi za babu. Alichora kwa wino, akafinyanga kwa udongo, akafuma, akatengeneza karatasi. Picha zake zikanunuliwa kwa fedha nyingi sana na matajiri wa dunia, naye akaendelea kutembea katika njia za Oaxaca na nguo zake nyepesi za kawaida, viatu vya ngozi vya wakulima na nywele ambazo kitana hakikuzijua.

PINGAMIZI LA MSOMAJI

Hapa nasikia msomaji wangu, pengine maalim au mzee aliyeketi na kikombe cha kahawa chungu, akikunja gazeti na kusema: "Kijana, unatuletea mchora viumbe? Na tena mtu wa mila za kale zisizo dini yetu?"

Mzee wangu, pingamizi lako nalipokea kwa heshima. Suala la kuchora viumbe wenye roho wanazuoni wetu wamelizungumza kwa mapana, na mimi si mtu wa kutoa fatwa gazetini. Ni kweli pia kwamba nyuma ya picha zile mna itikadi za Wazapoteki wa kale, kama ile kwamba kila mtu huzaliwa akiwa na mnyama anayeambatana na maisha yake. Sisi hatuamini hivyo, wala siombi mtu atundike chura wa Toledo juu ya mlango wake. Sanaa yetu ilichagua njia nyingine: hati nzuri za Kiarabu, maua na misuko iliyochongwa katika milango, daka zilizopangwa katika kuta za nyumba za Lamu. Njia hiyo ni njema na inatutosha.

Ninachotaka tukitazame ni namna mtu yule alivyouchukulia urithi wake. Tumefundishwa kwamba hekima haina mwenyewe maalumu, na wahenga wetu nao walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, tukimwona mtu wa mbali aliyeishika asili yake barabara kuliko sisi, tumgeuzie uso kwa kuwa hakuvaa kanzu?

MALI ILIYOFANYWA WAKFU

Toledo hakusoma fiqhi, lakini alitenda jambo ambalo kila Mwislamu wa mwambao analijua jina lake. Mali aliyoipata kwa mkono wake aliifunga kwa manufaa ya watu wote. Sisi tungesema aliifanya wakfu.

Mwaka 1972 alisaidia kuanzishwa kwa nyumba ya utamaduni huko kwao Juchitán. Mwaka 1988, mjini Oaxaca, alianzisha taasisi ya sanaa za uchapaji katika nyumba aliyokuwa akiimiliki, akaijaza vitabu na picha, na milango ikawa wazi kwa mtoto wa shule na kwa mpita njia. Alianzisha maktaba ya wasioona, wapate kusoma kwa vidole vyao. Mwaka 1996 aliongeza kituo cha upigaji picha. Mwaka 2006, katika kijiji cha San Agustín Etla, kiwanda cha nyuzi kilichokufa kiligeuzwa kwa juhudi yake kuwa kituo cha sanaa, na karibu yake pana karakana ya kutengeneza karatasi kwa mimea ya huko. Tangu mwaka 2011 kituo hicho kikatoa zawadi kwa wanaotunga kwa Kizapoteki, lugha iliyokuwa ikichekwa shuleni. Hatimaye, mwaka 2015, aliikabidhi serikali ya nchi yake taasisi ile ya uchapaji pamoja na hazina yake ya vitu zaidi ya 100,000, iwe mali ya umma.

Nawaomba mtue hapo kidogo. Mtu huyu angeweza kujenga jumba la ghorofa na kulipangisha. Akajenga maktaba. Watoto wa wakulima wa Oaxaca wakapata kufunua vitabu ambavyo hata watoto wa matajiri wa miji mingi hawavioni.

KUSIMAMA MLANGONI

Tena hakuwa mtu wa kutoa fedha akajificha. Katikati ya Oaxaca kuna jengo kubwa la Wakatoliki liitwalo Santo Domingo, kanisa na makao ya watawa, kazi ya karne nyingi. Kwa zaidi ya miaka 100 jeshi lilikuwa limeikalia sehemu kubwa yake. Jeshi lilipokuwa likiondoka katika miaka ya 1990, palitokea mipango ya kugeuza mahali hapo kuwa hoteli ya kifahari na uwanja wa kuegesha magari. Toledo na wenziwe, waliokuwa wameunda jumuiya ya kulinda urithi mwaka 1993, walipinga kwa nguvu zao zote. Leo pale pana makumbusho, maktaba ya vitabu vya kale na bustani ya mimea ya asili ya Oaxaca. Pale palipotakiwa magari yapumzike, leo pameota mimea ya jimbo zima, nayo mahindi na pilipili imo.

Mwaka 2002 kampuni ya McDonald's ilitaka kufungua mkahawa wake katika uwanja mkuu wa mji huo, mji ulioandikwa katika Urithi wa Dunia tangu 1987. Toledo alifanya nini? Aliita watu uwanjani akawagawia bure tamale, chakula cha wenyeji, unga wa mahindi uliofungwa katika majani na kupikwa kwa mvuke. Hakurusha jiwe. Alilisha watu chakula cha mama zao mahali pale pale palipotakiwa kuuzwa chakula cha wengine, na watu wakaelewa. Kibali hakikutolewa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, inayotolewa nchini Sweden, kwa kazi hii ya kulinda na kuhuisha urithi. Na tetemeko la ardhi la Septemba 2017 lilipoivunja Juchitán, yeye, mzee wa miaka 77, alichangisha na kusaidia kuwasha majiko ya pamoja ili waliobomokewa wapate kula.

TIARA ZIKAPANDA

Lakini kazi yake iliyonitoa machozi ni ya mwaka 2014. Usiku wa tarehe 26 Septemba mwaka huo, wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa, wengi wao watoto wa wakulima masikini, walikamatwa katika mji wa Iguala na hawakurudi. Wazazi walizunguka nchi nzima na picha za wana wao vifuani. Makaburi yalichimbwa, mto ukapekuliwa. Mpaka leo ni wachache mno waliotambuliwa kwa mabaki yao.

Toledo alitengeneza tiara 43 za karatasi. Juu ya kila tiara palikuwa na uso wa kijana mmoja. Kisha watoto wa shule wa Oaxaca wakazishika nyuzi na kukimbia nazo mpaka zikapanda. Alieleza kwamba kwao, siku za kuwakumbuka wafu, tiara hurushwa, na wazee walisema roho hushuka kwa uzi wake. Na kwa kuwa vijana wale walikwisha kutafutwa ardhini na majini bila ya kuonekana, basi waache watafutwe mbinguni.

Sisi tuna njia yetu ya kuwakumbuka waliotangulia: tunawasomea, tunawaombea, tunatoa sadaka kwa niaba yao. Hatuhitaji uzi. Lakini ni nani katika mwambao huu asiyeijua tiara? Ni nani ambaye hakuisokota gundi ya unga na vijiti vya makuti, akakimbia nayo ufuoni wakati wa kusi? Na wako kina mama hapa kwetu ambao vijana wao walitoka nyumbani asubuhi wasirudi jioni, na hapana aliyewapa maiti wakazike wala habari wakatulie. Mama wa namna hiyo hahitaji kufasiriwa zile tiara. Angeziona mara moja tu angeelewa.

Hapo ndipo nilipoona nguvu ya urithi ulio hai. Mchoraji hakwenda kuazima ishara Paris. Alifungua sanduku la utoto wake, akakuta mchezo wa watoto na itikadi ya wazee, akavitumia kuwalilia vijana wa leo. Jambo la kale likasema juu ya jambo la jana.

PATASI ZA BABU YANGU

Sasa nisemeni aibu yangu mwenyewe. Babu yangu alikuwa fundi wa kuchonga milango. Namkumbuka amekaa chini, mguu mmoja ameukunja, ubao mbele yake, akiifuata kwa patasi ile mistari aliyoichora kwa kalamu ya risasi. Alikuwa na patasi nyingi, kila moja na jina lake na kazi yake. Alipofariki, sisi wajukuu tuligawana nyumba. Patasi tulizitia gunia tukamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Fedha yake haikutosha nauli ya kurudi mjini. Leo nikiulizwa majina ya zile patasi nakumbuka mawili tu, na majina ya yale maua aliyoyachonga sikumbuki hata moja.

Sikumwibia mtu. Hapana sheria niliyoivunja. Lakini nilipokuwa nikisoma habari za mjukuu wa mshona viatu, nilijua kwamba mimi na yeye tulipewa amana ya namna moja, na mmoja wetu aliitupa.

Wala nisidanganye kwamba Oaxaca mambo yote ni asali. Sifa za mji ule zimevuta watalii wengi mno, kodi za nyumba zimepanda, na wenyeji wameandamana kulalamika kwamba wanasukumwa nje ya mji wao wenyewe. Hili nalo ni funzo, na Lamu iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 inalihitaji. Urithi ukiachwa kuwa pambo la kupigiwa picha na mgeni, mgeni ataununua pambo pamoja na ukuta uliolibeba. Wengi wetu hatuna mali ya kushindana naye. Tulichonacho ni ujuzi, na ujuzi haununuliki maadamu mwenyewe anaufanyia kazi na kuufundisha.

Kwa hiyo dai langu ni hili. Tumechoka kusikia hotuba za kuusifu utamaduni wa mwambao, siku moja kwa mwaka, ngoma ikipigwa na mheshimiwa akipiga makofi. Sifa hazimfundishi mtoto kushika patasi. Mwenye babu aliye hai, fundi wa mlango, wa jahazi, wa kofia au wa viatu vya makubadhi, akae naye wiki hii na daftari, aandike majina ya vyombo na ya mapambo, hata kama mwenyewe ni karani wa benki. Mwenye duka au nyumba ya kupangisha, afikirie chumba kimoja kukifanya wakfu wa vitabu na kazi za mikono, kama wazee wetu walivyofanya wakfu visima na misikiti. Sadaka inayoendelea si kisima tu; elimu inayonufaisha nayo imetajwa. Na mwenye mlango wa kale anayebembelezwa na dalali, auangalie mara mbili kabla ya kupokea fedha, maana mlango ukishatoka hauna njia ya kurudi.

Nami, ili nisiwe wa kusema tu, nimekwenda kumtafuta mwanafunzi wa mwisho wa babu yangu. Yuko hai, alhamdulillahi, ingawa macho yamemwisha na mikono inatetemeka. Nilipomtajia yale majina mawili ya patasi alicheka, akasema moja nimelikosea. Kisha akanitajia mengine 11, nami nikayaandika yote.